Kinu Katikati ya Sebule

Jambo la kwanza ambalo mtu huliona kwa Bwana Aboud ni sikio lake la kulia. Si kwamba ni kubwa au lina kasoro. Ni namna anavyolitoa. Ukimsalimia njiani, hageuzi shingo tu kama watu wengine. Hugeuka mwili mzima, huinama kidogo, kisha hukupa lile sikio kama mwingine anavyokupa mkono. Watoto wa mtaa wamekwisha kumzoea, na wakiwa na ombi hawamwendei kwa kushoto. Kushoto hakuna mtu nyumbani.

Sikio la kushoto lilichukuliwa na injini. Aboud alizaliwa kisiwani Chula, katika ukoo wa mafundi wa kuunda vyombo, lakini mbao hazikumvuta. Kilichomvuta ni dizeli. Tangu ujana wake alikuwa fundi wa mashine katika vyombo vya mizigo vilivyokwenda Mombasa, Mukalla na Salala, na fundi wa mashine hula, husali na hulala huku mashine yake ikinguruma ubavuni. Kitanda chake kilikuwa kulia mwa injini. Kwa hiyo miaka yote hiyo sikio la kushoto ndilo lililolipa nauli.

Sasa yuko nchi kavu, mjini Kismayo, anatengeneza pampu za maji na majenereta, na kitu anachokipenda kuliko vyote duniani, baada ya Mola wake, mkewe na binti yake, ni sauti. Sebule yake ina spika pembe zote. Ana spika ya besi kubwa kama sanduku la mahari. Rafiki yake Hussni, baharia mstaafu anayekaa nyumba ya kuvuka njia, hajaacha kumtania hata siku moja.

"Aboud, wewe ni kipara anayekusanya vitana!"

"Na wewe ni kibogoyo unayechagua miwa," Aboud humjibu. "Nani mwenye hasara kubwa?"

Lakini Hussni anajua, na mtaa mzima unajua, kwamba zile spika hazikuwa za Aboud peke yake. Zilikuwa za Barke.

Barke ni mkewe, na kwa miaka mingi sebule ile ilikuwa himaya yake. Kila jioni baada ya Alasiri wanawake wa mtaani walikuja kutazama tamthilia za Kituruki na filamu za Kihindi zilizotiwa maneno ya Kisomali. Waliketi chini juu ya mazulia, migongo ukutani, mito mapajani, na Barke mahali pake pale pale chini ya dirisha. Hakutazama kimya. Aliwaonya watu wa kwenye filamu kana kwamba ni wanawe. "Usimfungulie, mwanangu, huyo ni mwongo! Mtazameni, anafungua. Haya, tutalia sote." Wanawake walikuwa wakija kumsikiliza yeye kuliko kuitazama filamu yenyewe.

Kisha macho yake yakaanza kuzimika. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaokuja kimyakimya na kula mwanga kutoka pembeni kuelekea katikati. Ilikuwa lazima apasuliwe Mombasa, na upesi. Na siku aliyopewa hospitalini ikaangukia juma lile lile la harusi ya Iman, binti yao wa pekee, kisiwani Chula. Harusi haikuweza kusogezwa, kwa maana bwana harusi alikuwa na meli inayomsubiri. Barke akasema harusi iendelee. Mama na baba wa bibi harusi wakawa Mombasa katika wodi ya macho, na bibi harusi akatolewa nje mbele ya wageni na mashangazi.

Upasuaji ulikiokoa kilichobaki, si kilichokwisha potea. Barke alirudi Kismayo akiona mwanga, na kwa jicho moja akiona ulimwengu kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Hakulalamika. Alipika, aliswali, aliulizia bei ya samaki. Ila sebuleni hakuingia tena. Wanawake walipokuja, yeye alikuwa na kazi jikoni: mchele wa kuchagua, au nazi ambayo lazima ikunwe sasa hivi. Baada ya muda wanawake wakapungua. Spika zikakaa kimya pembeni, na Aboud akawa anazipangusa vumbi kama mtu anayelisha paka wa jirani aliyesafiri.

Matumaini yalikuja na Swabra. Huyu ni binti wa nduguye Aboud, msichana mchangamfu aliyesomea mambo ya picha na sauti Mombasa, na kazi yake ni kurekodi sherehe za wanawake, mahali ambapo mpiga picha wa kiume hakanyagi. Kwa kawaida ya watu wa pwani ile, picha za ndani za harusi hazitazamwi na mwanamume, awe mume au awe baba. Wanawake humwamini Swabra kwa sababu flashi anazohifadhia picha zao huzifunga kwa kufuli.

"Ami," alimwambia Aboud, "harusi ya Iman sikuirekodi kama harusi nyingine. Nilijua Mama Barke hatakuwepo, na nilijua habari ya macho yake. Kwa hiyo niliweka vinasa sauti pembe zote za ua. Vugo nimelichukua kutoka katikati ya duara."

Vugo ni ngoma ya wanawake. Hupiga pembe za ng'ombe kwa vijiti, wakiimba na kuzunguka, na mwenye kusimama katikati husikia pembe zikimpita mbele, ubavuni, nyuma, na kurudi tena mbele. Aboud alipolisikia neno hilo, "katikati ya duara," aliinuka pale pale. Akamwita Barke. Swabra akaweka kipande kifupi, sauti tupu bila picha, ili hata Aboud aweze kuwepo.

Mashine iliyoziendesha zile spika ilikuwa amplifaya nzito ya zamani yenye nguvu za punda. Ilikuwa na matundu ya spika zote, lakini akili yake ilikuwa moja: kila sauti iliyoingia iliichanganya na nyingine, kisha ikaimwaga kotekote. Pembe, vigelegele, vyombo vya jikoni, kilio cha mtoto, vyote vikatoka kama uji. Barke alisimama kabla kipande hakijaisha.

"Mama, bado," Swabra alisema.

"Sijui nani ni nani, mwanangu. Hizi ni kelele za sokoni." Alikuwa amekwisha kuushika mlango. "Asiyekuwepo na lake halipo. Harusi ya mwanangu nimeikosa mara moja. Sitaki kuikosa mara ya pili. Ikiwa ndivyo ilivyo, iweke kando."

Akaenda jikoni. Wakaisikia mbuzi ikikuna nazi ambayo haikuwa na haja ya kukunwa.

Swabra alieleza kwamba kosa si la spika, bali la akili inayozigawia sauti. Kuna mashine inayoitwa prosesa, ambayo huijua kila sauti na pembe yake: ya mbele huipeleka mbele, ya nyuma huipeleka nyuma. Amplifaya ya zamani ingeweza kubaki kufanya kazi ya misuli. Prosesa ingekuwa kichwa. Aboud hakungoja amalize. Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa Anwari, mwenye duka la vitu vya umeme sokoni, akaagiza prosesa mpya kutoka Dubai, ije na meli ya mizigo ya kwanza.

Habari ikawafikia majirani kabla ya meli. Bi Mwanabibi, jirani wa ukuta kwa ukuta na mzaliwa wa Kudhaa, hakuiacha ipite. Alisimama uani, mkono kiunoni, akasema kwa Kibajuni chake cha visiwani, "Mchu wa shikio moja anachaka kusikia pande zoche!" Kicheko kikazunguka mtaa mzima.

Aboud alicheka nao. Hakumwambia yeyote kwamba yeye mwenyewe hawezi kujua sauti inatoka upande gani. Mwenye sikio moja husikia vizuri, lakini kwake dunia yote iko kulia. Angeifunga mashine asiyoweza kuionja, kwa ajili ya picha asizoruhusiwa kuzitazama. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na halikumkosesha usingizi. Lililomkosesha usingizi lilikuwa moja tu: Barke akae tena mahali pake, aisikie harusi ya mwanawe.

Prosesa ilipofika, aliifungua sandukuni kama anayemvua mtoto nguo za safari. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, na kioo chake kidogo kiliandika maneno kwa mwanga wa buluu. Nyaya alizipa majina ya kazi yake ya zamani. Za mbele alizibandika karatasi zilizoandikwa "omo," na za nyuma "tezi," na Hussni alipochungulia dirishani akauliza kama sebule inasafiri.

Kilichobaki ni upimaji. Prosesa ina maikrofoni ndogo, ambayo mtu huiweka pale kichwa cha msikilizaji kitakapokuwa. Kisha mashine hutoa milio kwenye kila spika, moja baada ya nyingine, inajisikiliza, na kuyajua masafa. Sharti lake ni kimya kabisa. Aboud alichukua kinu cha kutwangia, akakipindua chini ya dirisha, mahali pa Barke, juu yake akaweka kopo la maziwa ya unga, na juu ya kopo maikrofoni. Akapima kwa kiganja: urefu sawa na sikio la mkewe aketipo. Akabonyeza kitufe. Spika ya kwanza ikatoa mlio wa kupanda, wiiiiip, kama birika inayotaka kuchemka.

"Asalaam alaikum, wenye nyumba!" Bi Mwanabibi alikuwa mlangoni na bakuli la viazi vya nazi.

Salamu ni sunna kuitoa na ni faradhi kuiitikia. Aboud aling'ata ulimi, akatazama mashine, akatazama mlango, na imani ikashinda. "Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh!"

Kioo kikaandika kwamba kelele zimezidi, arudie.

Akarudia. Milio ikafika spika ya pili, na sauti ya Hussni ikaingia kutoka njiani, "Salaam alaikum, nahodha! Mmefika bandari gani?" Aboud akaitikia kwa hasira na kwa ukamilifu. Akarudia tena. Safari hii alikuwa msichana wa kuuza maziwa, na baada yake mtu aliyepita tu akielekea msikitini, ambaye hakujua chochote isipokuwa kwamba mlango ulikuwa wazi na Waislamu wamo ndani.

"Funga mlango," Barke alisema kutoka jikoni.

Aboud akaufunga. Na hapo ndipo alipokosea, kwa maana katika mtaa ule mlango haufungwi mchana ila kwa jambo zito. Nyumba iliyofungwa mchana ina mgonjwa, au ina msiba, au watu wake wamehama bila kuaga. Spika ya tatu haijamaliza wimbo wake, mtaa ukawa umekusanyika nje. Bi Mwanabibi alirudi na kanga ya msiba begani. Hussni alikuja na kofia mkononi. Mwanamke mmoja alileta chupa ya chai. Wakabisha hodi kwa pamoja.

"Nani?" Hussni aliuliza Aboud alipofungua. "Nani amekwenda?"

"Hajaenda mtu! Napima spika!"

Kisha Bi Mwanabibi akaivua ile kanga begani taratibu, akaikunja. "Mwanamume huyu," alisema, "nimeacha mchuzi motoni kwa ajili ya spika."

Barke alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, na Aboud akasikia kitu ambacho hakukisikia kwa miezi: mkewe anacheka. Alicheka mpaka akashika kizingiti. "Baba Iman," alisema, "niachie mimi." Akatoka, akaketi barazani, mlango wazi nyuma yake. Kila aliyekuja na salamu, yeye alimdaka mapema kwa hatua zake, akainua mkono, akamwitikia kwa mnong'ono. Macho hayakumsaidia, lakini alimjua kila mpita njia kwa mlio wa champali zake miguuni. Mashine ikaimba nyimbo zake zote mpaka mwisho, na kioo kikaandika kwamba vipimo vimekamilika.

Aboud alimshika mkewe mkono, akamketisha chini ya dirisha, akaweka sauti ya mvua ambayo Swabra alimpa ya kujaribia. Akamwangalia uso, kwa sababu uso huo ndio ulikuwa sikio lake la kushoto.

"Mbele nasikia vizuri," Barke alisema. "Kulia vizuri, kushoto vizuri. Nyuma hakuna kitu."

"Haiwezekani. Nyuma kuna spika mbili."

"Ziko wapi?"

"Hizi hapa, pembeni mwako."

"Baba Iman, nyuma yangu kuna nini?"

Aboud akatazama. "Ukuta."

"Basi mashine yako imenipimia ukuta."

Aboud alikaa chini, akashika kichwa. Fundi aliyefungua injini katikati ya bahari hakuliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake. Katika sebule zao hakuna aketiye katikati. Watu wote huegemea kuta, na katikati huachwa wazi. Mashine ilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao huweka kiti chao kati ya chumba na kuacha nafasi nyuma. Spika za nyuma zitazunguka vipi mgongo ulioshikana na chokaa?

"Dawa ni rahisi," alisema. "Utakaa katikati."

Kicheko cha mchana kikazimika usoni mwa Barke. "Katikati huketi bibi harusi au sinia la wali. Mimi ni yupi?"

"Kuwa sinia. Sinia husogelewa na watu wote."

Hakucheka. Alipapasa zulia mpaka akaupata mto, akaupakata. "Sikiliza. Nikiwa ukutani, nikikosea kikombe, anayeniona ni yule aliye kando yangu peke yake. Katikati wataniona wote. Watanionea huruma pande zote, kama hizo spika zako."

Miezi yote hiyo Aboud alidhani kwamba mkewe anakimbia runinga asiyoiona. Kumbe alikuwa akiyakimbia macho yanayomwona yeye. Akaona aibu kwamba lile sikio zima alilowapa watu wote halikusikia hili. Akakibeba kinu, akakiweka katikati ya sebule, si kwa matumaini, bali kwa sababu mikono yake ilitaka kazi, kisha akaenda kuketi barazani.

Hakujua kwamba mlango wa uani ulikuwa wazi, na kwamba Bi Mwanabibi alikuwa amerudia bakuli lake.

Siku ya pili, baada ya Alasiri, Bi Mwanabibi alikuja na wanawake ambao hawakuonekana tangu mwezi wa Ramadhani. Waliitoa salamu, wakaingia, na Aboud, aliyekuwa ukumbini akifunga nyaya, akaona ajabu. Bi Mwanabibi hakwenda ukutani. Alikwenda moja kwa moja kati ya chumba, akaketi kando ya kinu.

"Mimi ukuta wenu sirudi," alitangaza kwa sauti ya kufika jikoni. "Kila nikitoka hapa buibui langu lina chokaa mgongoni kama nimelala na mpaka rangi."

"Hata langu," mmoja akadakia.

"Langu lilifuliwa mara tatu!"

Wakavuta mito. Kuta zote zikabaki tupu, na wanawake wote wakawa wamerundikana katikati, goti kwa goti, kama abiria wa mashua ndogo. Kando ya kinu wakaacha pengo la mtu mmoja.

Barke alitokea mlangoni. Alisimama akisikiliza, na Aboud akaona kichwa chake kikiinama, kikitafuta sauti ambazo siku zote zilikuwa pembeni. "Mbona mmehama?"

"Ukuta wako unapaka," Bi Mwanabibi alisema. "Njoo, pako pale penye kinu. Usinikanyage, mguu wangu una gauti."

Barke akaja, mkono mmoja mbele. Aligonga bega la mtu, akaomba radhi, akapapasa, akakishika kinu. Muda wote huo hakuna aliyemtazama. Wanawake wote walikuwa wameikazia macho runinga, kwa makini sana, na runinga ilikuwa imezimwa. Alipoketi, ndipo Bi Mwanabibi alipopumua na kusema, "Haya. Kuna chai nyumba hii au tumekuja kuangalia kioo cheusi?"

Aboud alirudi kwenye nyaya zake. Ilibidi azifungue zote na kuzifunga upya, kwa maana alikuwa amefunga omo kwenye tezi.

Upimaji wa pili haukuwa na taabu. Mtaa mzima ulikuwa na habari. Hussni alijisimamisha kwenye kona mapema asubuhi, kofia imekaa vizuri, akiwazuia wapita njia kwa kiganja kama askari wa barabarani, na kuwaitikia salamu zao kwa niaba ya nyumba. Mwenye punda alilizunguka jengo zima. Kinu kilikuwa katikati, maikrofoni juu ya kopo, na mashine ilipomaliza hapakuwa na mtu aliyekohoa.

Swabra alikuja na kipande kingine cha kujaribia, sauti tupu tena. Haikuwa ngoma. Ilikuwa ua la nyumba ya Chula, asubuhi ya harusi, kabla wageni hawajajaa. Barke aliketi mahali pa kinu. Bi Mwanabibi alikuwepo, na Aboud mlangoni, akimtazama mkewe usoni.

Shingo ya Barke ikageuka, polepole, kumfuata mtu asiyekuwepo.

"Huyu ni Fadhila," alisema. Fadhila ni dada yake mdogo. "Anapita nyuma yangu. Anaburuta champali kama kawaida yake, tangu utotoni nimemkanya." Kidole chake kikainuka, kikaonyesha kushoto. "Sasa yuko kisimani. Ndoo hiyo inashuka. Na hapa kulia ni jiko la mawe, wanakaanga vitunguu." Kidole kikashuka. "Nani huyu analia? Analia nyuma, kule penye chumba cha ndani."

"Ni Iman," Swabra alisema kwa upole. "Walikuwa wanampaka hina. Alikuwa anakutaja wewe."

Barke aligeuka kabisa. Aliugeuza mwili wake wote kuelekea spika ya nyuma, akainamisha kichwa, akatoa sikio, na Aboud akaitambua namna hiyo ya kugeuka, kwa sababu ni yake mwenyewe. "Nipo, mwanangu," Barke aliiambia ile pembe ya sebule. "Nimechelewa tu."

Bi Mwanabibi alitafuta kitu cha kutania, asikipate, akajipangusa uso kwa mtandio.

Kipande kilipokwisha Barke hakusimama. Aliuliza mambo ya kazi. Filamu nzima itakuwa tayari lini? Ijumaa, Swabra alisema. Basi iwe Ijumaa baada ya Alasiri. Iman mwenyewe apelekewe habari Chula aje na mashua ya asubuhi, aketi kando ya mama yake. Fadhila aje pia, na aje na champali nyingine. Na rimoti aiendeshe nani, maana siku hiyo mwanamume haingii? Aboud alikuwa na jibu: alikwisha bandika punje ya mchele kwenye kitufe cha kuwashia, na punje mbili kwenye cha kupandisha sauti. Barke akazipapasa, akatabasamu.

"Na wewe?" aliuliza. "Wewe utakuwa wapi?"

"Barazani. Wapi tena?"

"Dirisha likiwa upande gani wako?"

"Barke, usianze."

"Spika ile ya nyuma, ya upande wa dirisha. Igeuze kidogo ielekee nje."

"Itaharibu vipimo! Mtaa mzima umenyamaza kwa ajili ya vipimo hivyo!"

"Macho yangu yamenizoesha kupungukiwa na kidogo," Barke alisema. "Iman ni wa wawili. Igeuze."

Akaigeuza, kidogo mno, upana wa kidole. Barke akamwambia aongeze. Akaongeza.

Leo ni Alhamisi. Kinu kimerudi jikoni kufanya kazi yake, na mahali pake katikati ya sebule pamewekwa mto mwekundu ambao hakuna anayeukalia. Bi Mwanabibi ameleta mikeka tangu asubuhi, eti isije ikasahaulika. Uani mna harufu ya iliki na nazi. Kutoka Chula imekuja simu kwamba Iman amekwisha funga mzigo wake, na kwamba amebeba pembe moja ya vugo aliyopigiwa yeye, mama yake aishike.

Bwana Aboud yuko barazani na Hussni. Amekihamisha kiti chake mara kadhaa tangu Adhuhuri, mara karibu na dirisha, mara mbali kidogo, akiinama na kulijaribu sikio la kulia.

"Kaa hapo hapo, nahodha," Hussni anamwambia. "Hapo pazuri."

"Hapana. Hapa pembe zikizunguka zitanipita." Anakisogeza tena, kidogo tu, mpaka mguu wa kiti unagusa ukuta wa dirisha. Anaketi. Anafumba macho. Ndani, mtu anazipapasa punje za mchele kwenye rimoti, anajizoesha, na kijitaa cha buluu kinawaka, kinazima, kinawaka tena.